Sogeza Saa Mbele

Generoza wa Kabanga hakuwahi kuitwa mtaalamu wa kitu chochote, na jambo hilo halikumnyima usingizi mpaka siku aliyoona utaalamu wake mwenyewe umechapwa, umewekewa jalada la plastiki, na kupewa jina la mtu mwingine. Kabla ya siku hiyo alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Alikuwa na watoto watatu, mume aitwaye Fideli aliyelima kahawa na migomba chini ya barabara, na kazi ya kuingiza takwimu katika kituo kidogo cha utafiti wa mihogo. Kituo hicho kiko juu ya kilima. Ukisimama dirishani unaiona Burundi bila kunyoosha shingo. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja. Alikuwa ameusaini mara tisa, na kila Desemba ilipofika tumbo lilimkata, maana hakuna aliyewahi kumhakikishia kwamba kutakuwa na mara ya kumi.

Alizaliwa upande wa Rulenge, akasoma mpaka kidato cha nne, halafu ada ikakata safari. Kuchapa alijifunza kwa masista wa parokia, kwenye mashine ya zamani iliyokuwa na herufi moja mbovu, kwa hiyo mpaka leo akichapa hubonyeza herufi hiyo kwa nguvu kana kwamba ina deni naye. Kituoni aliajiriwa kuchapa barua. Baadaye wakampa kuingiza takwimu: shamba la nani, mashina mangapi, majani mangapi yana madoa ya batobato, mizizi mingapi ina michirizi ya kahawia. Kazi ya kuumiza mgongo, lakini aliipenda. Ukimtajia namba ya shamba angekuambia mwenye shamba ni nani na mke wake anatoka ukoo gani.

Sasa, kuna jambo moja la Kabanga ambalo lazima lielezwe, maana bila hilo hakuna kisa. Mpakani kule simu huvuka bila kuomba kibali. Unaweza kuwa umekaa kwako, miguu yako iko Tanzania, lakini simu imeshashika mtandao wa Burundi, na ikishaushika hujirekebisha saa yenyewe: inarudi nyuma saa moja, maana wenzetu wa ng'ambo ndivyo wanavyohesabu. Kwetu ni saa tatu, kwao ni saa mbili. Ndiyo sababu watu wa Kabanga wakipanga kikao huulizana, "Saa ya huku au ya ng'ambo?" Mgeni akisikia swali hilo hudhani anataniwa. Wamechelewa misa watu, wamekosa basi, na kuna bwana harusi mmoja aliyefika kanisani padri akiwa ameshavua mavazi. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo, kwa hiyo hakuna anayejisumbua kuliandika.

Kompyuta ya kituo ilikuwa kongwe, na ile betri yake ndogo ya kutunza saa ilikuwa imekufa zamani. Umeme ukikatika, na Kabanga umeme hukatika, kompyuta hiyo iliamka ikidhani iko mwaka ambao Generoza alikuwa bado hajaolewa. Ilibidi mtu aiwekee tarehe na saa upya. Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Protasi, mlinzi. Fundi mmoja aliyewahi kupita alimfundisha: washa hapa, bonyeza pale, andika tarehe, andika saa. Mzee huyo hakusoma zaidi ya darasa la nne, na katika maisha yake hakuna jambo alilojivunia kama lile. Kila asubuhi alifungua ofisi, akawasha kompyuta, akaitazama simu yake, akaandika saa. Kwenye kilabu cha pombe alijulikana kama mzee wa kompyuta, na hakukana.

Halafu kikaja kile kifurushi.

Kilikuja kwa barua pepe kutoka makao makuu. Wataalamu walikuwa wametengeneza programu ya kisayansi, ya bure, ambayo ukiipa takwimu za majani na mizizi inakuchorea ugonjwa unakotoka na unakoelekea, shamba kwa shamba, kijiji kwa kijiji. Kila kituo kiiweke kwenye kompyuta yake. Maelekezo yalikuwa sentensi moja: sakinisheni kifurushi pamoja na tegemezi zake. Aliyeandika sentensi hiyo bila shaka alikuwa amekaa mahali mtandao unapotiririka kama maji ya bomba, na hajawahi kubeba kitu chochote kwenye flash tangu azaliwe.

Tegemezi ni nini? Ni programu nyingine ambazo kifurushi chako hakiwezi kufanya kazi bila kuzikuta ndani. Ni kama mgeni aliyefika mlangoni akasema siingii mpaka shangazi yangu aje. Unamtafuta shangazi, shangazi akifika anasema haingii bila mkwe wake. Mkwe naye anataka kiti cha aina fulani, si hicho ulichonacho, kile cha mwaka juzi. Bwana Renatus, mkuu wa kituo, alipambana nayo nusu siku, kisha akafunga kompyuta yake mpakato.

"Tuachane nayo," alisema. "Tutaandika kwamba mtandao ni mbovu."

"Naomba nijaribu, mkuu," alisema Generoza.

Renatus alimtazama, akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Jaribu, mama. Haiumi."

Iliuma. Ilimchukua siku kumi na moja za kazi. Kila asubuhi alipakua kitu kwenye kompyuta mpakato ya Renatus, akakitia kwenye flash, akakipeleka kwenye kompyuta kongwe, ikakataa, akasoma ilichokataa akiwa na kamusi mapajani, akaandika jina la kinachokosekana kwenye kaunta buku, akarudi kupakua. Aligundua kwamba ile ya hesabu lazima itangulie ile ya ramani. Aligundua kwamba ile ya ramani toleo jipya linagombana na mfumo wa zamani, na toleo la zamani halipatikani ila ukilifuata kwenye rafu ya nyuma kabisa ya tovuti yao. Alikata mistari, akaandika upya, akachora mishale. Siku ya tisa kila kitu kilikuwa kimekaa ndani isipokuwa kifurushi chenyewe. Hicho kilianza kujijenga, kikafika katikati, kikarudi mwanzo, kikafika katikati, kikarudi mwanzo, kutwa nzima, huku kompyuta ikitoa onyo lilelile: faili hili limetengenezwa wakati ujao.

Alilisoma onyo hilo mara nyingi mpaka akalisema kwenye chakula cha jioni. Wakati ujao. Faili alilipakua mwenyewe dakika kumi zilizopita.

Siku ya kumi na moja alifika ofisini mapema kuliko kawaida na kumkuta Mzee Protasi amesimama mbele ya kompyuta, simu mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikibonyeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshakuwekea saa."

Generoza akatazama skrini: saa moja na nusu. Akatazama saa ya ukutani: saa mbili na nusu. Akaitazama ile simu ya mzee, imelala Burundi usiku kucha. Kompyuta mpakato ya Renatus ilinunuliwa Mwanza, saa yake haikuwahi kuguswa na mtu. Kila faili lililotoka kwake kwenda kwenye kompyuta kongwe lilikuwa linatoka, kwa hesabu ya kompyuta hiyo, saa moja mbele. Ndiyo maana kifurushi kilizunguka. Kilikuwa kinangoja muda ufike.

Angeweza kumwambia. Mtu mwingine angemwambia, na ofisi nzima ingecheka kwa wiki, na mzee angerudi kilabuni akiwa mlinzi tu. Generoza alisema, "Asante sana, mzee," akangoja atoke, akasogeza saa mbele. Mchana ule kifurushi kilijijenga mpaka mwisho na ramani ya kwanza ikatokea, mashamba ya wilaya yamepakwa rangi. Alitoka nje akasimama peke yake uani.

Kwenye kaunta buku, juu kabisa ya ukurasa safi, aliandika: Hatua ya kwanza, sogeza saa mbele kwa saa moja. Sababu hakuiandika. Alimwonea Mzee Protasi haya, na isitoshe aliandika kwa ajili yake mwenyewe.

Sasa tuje kwa Priscila, na hapa mwandishi anaomba aruhusiwe kukasirika.

Priscila alitoka Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo. Alifika kituoni miaka sita kabla, akiwa na diploma, sanduku moja na kikohozi. Alikosa nyumba, Generoza akampa chumba cha uani. Aliugua malaria ya kuzimia, Generoza akamwogesha. Joan, kitinda mimba wa Generoza, alipobatizwa, Priscila ndiye aliyesimama kama mama wa ubatizo, akamshika mtoto mbele ya altare, akaahidi kwa sauti mambo ambayo watu huahidi pale. Tangu siku hiyo wakawa ndugu. Priscila alikuwa mdogo kwa miaka minane, lakini shikamoo waliiacha. Waliitana Mama Joan na Mama Ubatizo, wakala sahani moja, wakachekana.

Mwaka uliofuata ile ramani ya kwanza, makao makuu yakatangaza nafasi moja. Kituo kipya kinafunguliwa Biharamulo, kihudumie Nemba, Kaniha na Nyabusozi, na anatakiwa mtu wa takwimu. Ajira ya kudumu. Mwombaji alete barua yake, na pamoja nayo mwongozo aliouandika mwenyewe wa jinsi ya kusakinisha kile kifurushi, kwa sababu vituo vingi vilikuwa vimeshindwa. Barua zote zipite kwa mkuu wa kituo, azitie sahihi, azitume.

Generoza alilisoma tangazo hilo akiwa amesimama, akakaa, akalisoma tena. Hakuwahi kuona tangazo la kazi lililomwelezea yeye. Kudumu maana yake Desemba zisizokata tumbo. Jioni alimwambia Fideli, na Fideli, mtu wa maneno machache, alikwenda kukata mkungu bila kuombwa.

"Hii ni yako, Mama Joan," alisema Priscila. "Mimi hata siombi. Nitaombaje kazi ambayo anayeiweza ni wewe?"

"Umesoma kuliko mimi."

"Karatasi tu hizo. Nipe kaunta buku nikuchapie mwongozo uwe safi. Na barua nikuandikie Kiswahili cha ofisini, wewe utaanza kuwasalimia na watoto wao."

Wakacheka. Generoza akampa kaunta buku. Kwa siku mbili Priscila alichapa, na Generoza alimpelekea ndizi na maharage mezani asije akapoteza mstari. Siku ya tatu jioni Priscila aliingia uani akijinyoosha mgongo. "Nimempa mkuu, amesaini, imetumwa. Sasa tusali."

Walisali, na wewe unayesoma unajua kila mmoja aliombea nini.

Wiki tatu baadaye Priscila alitoka chumbani analia. Shangazi yake wa Nyabusozi, Limi, aliyemlea, alikuwa amefariki. Anatakiwa aende leo hii. Generoza hakuuliza swali. Alipita nyumba za jumuiya yake moja baada ya nyingine na ndoo, akakusanya maharage na unga wa msiba. Alifungua sanduku akatoa kitenge chake kipya, ambacho alikuwa amekiweka akavae siku ya usaili, akamfunga Priscila kiunoni kwa mikono yake. Jioni ile familia nzima ilipiga magoti, na Joan, miaka sita, aliongoza sala ya kumwombea marehemu Limi apumzike kwa amani.

Marehemu Limi, ilikuja kujulikana, alikuwa mzima wa afya, anauza dagaa sokoni Biharamulo.

Siku ya nane Renatus alimwita Generoza ofisini kwake na kumwomba afunge mlango. Alikuwa ameshika barua, anaikunja pembe na kuikunjua.

"Priscila amefanya usaili," alisema. "Amepita. Anaanza kazi Biharamulo tarehe moja."

Generoza alidhani hakusikia. "Amefiwa."

Renatus aliikunja tena pembe ya barua.

"Na barua yangu, mkuu? Wameijibu nini?"

"Sikuona barua yako. Mezani kwangu ilifika moja."

"Na mwongozo? Ulifika na jina la nani?"

Alitazama dirishani, ng'ambo. "La kwake."

Hapo ndipo Generoza alipoelewa kwamba mtu anaweza kuzungukwa na wawili kwa wakati mmoja. Huyu bwana alikuwa amemwona siku kumi na moja akipanda na kushuka na flash. Alimwona na kamusi mapajani. Aliliona kaunta buku, alilishika, aliwahi hata kuweka kikombe cha chai juu yake, na alama ya duara ipo mpaka leo. Kisha akaletewa mwongozo huo umeandikwa jina la Priscila, akachukua kalamu, akasaini.

"Ulijua ni wangu," alisema.

"Nilijua." Angalau hakudanganya. "Sikiliza, Generoza. Wewe una kidato cha nne. Yule ana diploma. Wasingekuchukua. Nikasema basi, angalau mmoja wetu apate, kituo kipate sifa."

"Wasingenichukua. Uliwauliza?"

Hakuwauliza.

Generoza aliandika malalamiko, kwa mkono wake, kurasa mbili. Kanuni inasema mtumishi haandiki makao makuu moja kwa moja. Juu ya barua lazima iandikwe kwamba inapitia kwa mkuu wa kituo. Akaandika hivyo, maana amezoea kufuata kanuni, akaipeleka kwa Renatus. Renatus aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaiweka kwenye droo. Ipo humo.

Fideli alitaka kwenda Biharamulo. Alishatoa baiskeli ndani. Generoza alimwambia, "Ukifika utafanya nini? Utampokonya kazi uiweke kwenye kapu?" Fideli akarudisha baiskeli. Vitu vya Priscila vilifuatwa na dereva wa bodaboda, kijana mpole asiyejua lolote, aliyebeba godoro na sanduku na kuaga vizuri. Palipokuwa na godoro lilibaki kaunta buku. Hakujisumbua hata kulichoma. Kitenge hakikurudi. Kilichomkata Generoza maini kuliko vyote hakikuwa kazi wala kitenge, bali Joan, ambaye kila jioni kwa mwezi mzima aliendelea kumwombea Limi, na mama yake hakujua amwambie nini.

Desemba ikaja, akasaini mara ya kumi.

Mwezi wa tatu kijitabu kilifika. Makao makuu walikuwa wameupenda mwongozo mpaka wakauchapa na kuusambaza vituo vyote, jalada la plastiki, picha ya shina la muhogo mbele, na chini yake jina: Priscila, na ubini wake. Kila mtumishi asaini kwamba amepokea. Generoza akasaini. Akafungua ukurasa wa kwanza, na macho yake yakaangukia mstari wa juu kabisa.

Hatua ya kwanza: Sogeza saa mbele kwa saa moja.

Alicheka mpaka Renatus akachungulia. Halafu akakaa. Mama Ubatizo alinakili vyote, mishale na nukta zote, bila kujiuliza. Katika miaka sita hakuwahi kufika ofisini kabla ya saa tatu. Alikuta kompyuta imeshawashwa na saa imeshasogezwa. Sasa kutoka kaskazini mpaka kusini mwa nchi, mahali ambapo simu haijawahi kuiota Burundi, wataalamu wenye digrii zao walikuwa wanazipeleka kompyuta zao saa moja mbele kabla ya kuanza kazi, kwa sababu ya simu ya Mzee Protasi wa Kabanga.

Simu ya Generoza ililia wiki mbili baadaye, yuko mezani na bahasha za majani. Namba ilikuwa ngeni, sauti haikuwa ngeni.

"Shikamoo, Mama Joan."

Miaka sita ya sahani moja haikuwapo shikamoo. Leo imekuja. "Marahaba," alisema Generoza.

"Joan hajambo?"

"Hajambo. Bado anamwombea shangazi yako."

Kwa mbali alisikia watu wanaongea, viti vinaburutwa.

"Dada, najua una hasira. Tutaongea, nitakuja nipige magoti. Lakini sasa hivi nina semina, wametoka vituo vyote, wako ukumbini. Nimetoka nje kidogo. Wanauliza ile hatua ya kwanza ni ya nini. Wengine wanasema imewaharibia kumbukumbu za sampuli, saa haziendani. Mkubwa kutoka makao makuu yupo. Nimewaambia nitawaeleza baada ya chai." Sauti ilishuka. "Ni ya nini, dada?"

Jibu lilikuwa sentensi mbili. Generoza alikuwa nalo mdomoni. Kupitia dirishani alimwona Mzee Protasi anafagia ngazi, simu imechomoza mfukoni mwa koti. Alifikiria jinsi ambavyo angelisema, na Priscila angerudi ndani, angelisema tena kwa Kiswahili cha ofisini, na wangemwandika kwenye taarifa kwamba alifafanua vizuri.

"Rudi ndani," alisema. "Uniweke kwenye spika. Nitawaeleza wote."

"Mama Joan..."

"Kabla sijaanza, uwaambie anayeongea anaitwa nani na mwongozo ni wa nani. Mimi nasubiri. Chai yenu haijaisha."

Alisikia mlango unafunguliwa, zile sauti za ukumbini zikawa kubwa, na kwa kitambo hicho kifupi moyo wake, mjinga kama mioyo yote, uliamini. Kisha mlango ukafungwa na simu ikakatika.

Alisubiri mpaka mchana. Ya huku na ya ng'ambo, saa zote mbili zilipita. Simu haikulia.

Mwaka uliofuata lilikuja toleo la pili. Jalada jipya, karatasi nzuri zaidi, jina la Priscila palepale. Hatua ya kwanza ilikuwa imefutwa. Hakuna maelezo, imefutwa tu, na iliyokuwa ya pili ikapanda juu.

Mvua za vuli zilipoanza, radi ikaiua diski ya kompyuta kongwe. Renatus akaleta diski nyingine, akafungua toleo la pili, akakunja mikono ya shati. Alitaka aifanye mwenyewe safari hii; kila hatua si imeandikwa? Alifuata mstari kwa mstari siku tatu. Asubuhi Mzee Protasi alifungua ofisi, akawasha, akaitazama simu yake, akaandika saa. Siku ya nne Renatus alikuja mpaka kwenye meza ya Generoza, kijitabu mkononi, jasho kwenye mdomo wa juu.

"Generoza. Hiki kitabu hapa kwetu hakifanyi kazi. Kinafika katikati, kinarudi mwanzo. Ramani za msimu zinatakiwa Ijumaa."

Generoza alifunga bahasha aliyokuwa nayo, akaandika juu yake namba ya shamba na jina la mwenye shamba. Kaunta buku lilikuwa ndani ya mkoba wake, chini ya meza, na alama ya kikombe juu.

"Mpigie aliyekiandika, mkuu," alisema, akavuta bahasha nyingine.